Mafuta ya Papa Kwenye Mlenda

Wapo walioniandikia wiki hii kunilaumu kwamba nimemwacha Mwamvua mlangoni kwake na fimbo kifuani, mimi nikaenda zangu kula. Haya, nimeshakula, nimerudi. Fimbo bado iko pale pale.

Aliyeishika ni Bibi Mbeleje, ambaye alitembea siku mbili kutoka Hombolo kuja kumwona mjukuu wake Yudith hapa Dodoma. Mkono wake wa pili umeshika chupa aliyoichomoa nyuma ya mtungi wa maji. Chupa imezibwa kwa gunzi, na ndani mna mafuta mazito ya manjano.

“Mtoto ameniambia,” alisema Bibi Mbeleje. Kiswahili alijifunza ukubwani, na kila neno alilitoa peke yake. “Kila jioni unamtilia haya kwenye mlenda. Nimemwuliza, mafuta ya nini? Amesema, ya samaki. Sasa ninakuuliza wewe, mwanamke wa pwani. Mtoto anaota, au amesema kweli?”

Mwamvua alimtazama Yudith. Mtoto wa miaka tisa, amekaa kwenye kigoda anachambua kunde, uso umejaa furaha kwa sababu bibi yake amekuja. Hakujua amesema nini. Aliulizwa, akajibu, kama Mwamvua mwenyewe alivyomfundisha.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema ni mafuta ya ufuta, na nani angebisha? Lakini kabla hajaufungua mdomo huo, Sila akatokea pembeni mwa nyumba, koleo la reli begani, jasho limemkauka usoni.

“Kuna nini hapa?”

Mbele ya Sila uongo ulimkwama. Huyu ndiye baba wa mtoto, na hakuwahi kumtendea Mwamvua jambo baya.

“Ni kweli,” alisema. “Ni mafuta ya ini la papa. Papa ni samaki wa baharini.”

Sila alishusha koleo polepole.

Kwa wewe uliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, usibabaike, nitakueleza upesi. Huu ni mwaka wa tatu tangu reli ya Mjerumani ifike Dodoma, na ni mwaka wa pili mvua inawapita watu wa Ugogo juu kwa juu. Mke wa Sila amekufa. Mwanawe mdogo, wa miaka mitatu, yuko Hombolo kwa ndugu. Sila mwenyewe anatengeneza njia ya treni, leo yuko huku, kesho kule, na Yudith alimwacha kwa jirani yake Mwamvua, nyuma ya stesheni.

Na Mwamvua? Mtu wa Pangani. Alikuja na mumewe, Shaaban, aliyekuwa fundi wa mashua kabla hajashikwa na tamaa ya reli. Reli iliposonga mbele, Shaaban akasonga nayo, na huko Tabora akapata nyumba nyingine ya kulala. Miaka miwili sasa. Hakuandika, hakutuma mtu.

Watu wa Dodoma hawakumchukia Mwamvua. Walimsalimu vizuri, wakapita. Lakini hakuna aliyejua mama yake anaitwa nani, wala aliyemwuliza. Alipika kwenye sufuria kubwa ya watu wanne, chakula cha mtu mmoja kikaonekana chini kama kilichosahauliwa. Ilifika hatua akirudi kisimani anapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, ili tu asikie sauti ya mtu. Siku ya kwanza ya Yudith, alipiga hodi hiyo, na ndani mtoto akaitika, “Karibu.” Mwamvua alitua ndoo akalia amesimama.

Mtoto alikuwa na ugonjwa wake. Mchana anaona kama wewe na mimi. Jua likishazama tu, anapapasa ukuta. Kule Hombolo walimchapa kwa kuwaacha ndama porini, wakamwita mvivu. Mwamvua hakumchapa, kwa sababu ugonjwa huo aliujua. Aliwaona nao mabaharia waliokaa majini miezi wakila wali mkavu, wakashuka Pangani jioni wameshikana mabega. Dawa yao ilikuwa moja: mafuta ya ini la papa, yale yale ambayo mafundi hupaka mbao za mashua. Wiki chache, na macho yanarudi.

Basi akaagiza chupa kwa treni. Na hakumwambia Sila.

Alikuwa amesikia kwamba ukoo wa Sila hauli samaki. Lakini mtu wa pwani akiambiwa fulani hali samaki, hudhani huyo hajapikiwa vizuri. Ndivyo Mwamvua alivyojiambia. Moyoni alijua zaidi ya hapo, maana angekuwa hajui, chupa isingejificha nyuma ya mtungi.

“Ulijua hatuli?” Sila aliuliza.

“Nilijua hamli. Sikujua mnaogopa.”

“Ungeniuliza, dada Mwamvua.”

“Ungekataa.”

“Ningekataa. Na kwa kuwa ningekataa, ukaona heri usiniulize.”

Na ndivyo ilivyokuwa.

Sila alikuwa amebatizwa kwenye misheni ya Mvumi, anasali, anaimba. Lakini mwiko wa ukoo unatoka kwa baba, na kwao samaki haliwi, haguswi, hata chungu kilichompika hakirudi jikoni. Na wanasema mmoja wao akimla, anayekufa si yule aliyekula. Anayekufa ni mdogo kuliko wote katika nyumba ile.

“Nina mtoto Hombolo,” alisema Sila. “Ana miaka mitatu.”

“Juzi jua limezama, Yudith akamwona kuku juu ya paa la tembe,” Mwamvua alisema haraka haraka. “Kuku mweusi, Sila. Mwulize mwenyewe. Amebakiza kidogo tu. Niache nimalizie, halafu nifukuze.”

Bibi Mbeleje hakungoja mwanawe Sila ajibu. Alichomoa gunzi kwa pindo la nguo, akapindua chupa pale mlangoni. Mafuta yalitoka taratibu, na ardhi ya mwaka ule, ilivyokuwa na kiu, ikayanywa yote.

“Bibi,” alisema Yudith, “hiyo ni ya macho yangu.”

Bibi Mbeleje aliitikisa chupa mpaka tone la mwisho.

*

Kesho yake asubuhi alikuja Nikodemo. Huyu ni mtani wa ukoo wa Sila, na kwa Wagogo kazi ya kuondoa mkosi wa nyumba hufanywa na mtani. Ndugu hawezi, atalia. Mtani anafanya huku anacheka.

“Mbukwenyi, watu wa magamba,” alisalimia. “Nimeambiwa mmeanza kuota mapezi. Geuka nikuone mgongo, Sila.”

Sila hakucheka. Alimpa kondoo mweusi. Nikodemo akamchinja, akatoa uchafu wa tumboni, akampaka Yudith kwenye paji la uso, kifuani na miguuni, huku anamtukana babu yake wa tatu kwa jina. Mtoto alichekeshwa, akasahau kidogo. Kisha Nikodemo akajikatia paja zima la kondoo kwa kuwa ni haki yake, na ndipo uso wake ukabadilika.

“Chungu cha mlenda ule kivunjwe,” alisema. “Mtoto asile tena mkononi kwa mwanamke yule. Asikae kwenye moto wake. Na yeye mwenyewe aondoke.”

“Treni ya kurudi pwani ni Ijumaa,” alisema Sila, macho chini. “Aondoke na hiyo.”

Hivyo ndivyo Mwamvua alivyohukumiwa, naye amesimama karibu kiasi cha kusikia, mbali kiasi cha kutoulizwa. Yudith akahamishiwa kwenye kibanda cha baba yake. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua hamsini. Mwamvua alizihesabu kwa macho mara nyingi siku ile, wala hazikupungua.

Siku tatu zilizofuata sitaki kuziandika kwa kirefu, zinaniudhi. Alipika mlenda mwingi kwa mazoea, akaumwaga. Aliukuta uzi mwekundu wa shanga za Yudith chini ya mkeka, akaufunga kwenye pindo la kaniki yake. Mchana alimsikia Bibi Mbeleje akimfundisha mjukuu nyimbo za kwao, na sauti ya Yudith ikikosea kila mahali. Alirudi kisimani, akapiga hodi mlangoni, akasimama na ndoo kichwani akingoja. Alingoja sana kabla hajakumbuka.

Ijumaa aliitaka na hakuitaka. Pangani hakuwa na mtu tena. Mama yake alikwisha kufa, na nyumba waliichukua wajomba. Angeshuka kwenye treni, angeuliza njia ya wapi?

Siku ya tatu, jua limezama sasa hivi, akasikia ukelele.

Alitoka mbio. Macho ya Yudith yalikuwa yamefifia tena kwa kukosa dawa; alikuwa ametoka kwenda haja, akarudi kwa kupapasa, akakanyaga moto wa bibi yake. Alikuwa amekaa chini ameshika mguu wa kushoto, analia kwa nguvu.

“Mama,” mtoto aliita. “Mama, njoo.”

Mwamvua alikwisha kwenda hatua thelathini. Ile fimbo ikamsimamisha.

“Mama yake amekufa,” alisema Bibi Mbeleje. “Rudi kwako.”

Alirudi. Nisikilize vizuri msomaji, maana najua utamlaumu: alirudi kwa sababu mtoto alikuwa anatazama upande mwingine kabisa, anaita kule ambako hakuna mtu. Mwamvua hakuweza kusimama pale akaona hilo.

*

Sasa bahati ikageuka, au ndivyo ilivyoonekana.

Kesho yake treni ya kwenda Tabora ilisimama Dodoma kwa saa tatu nzima, na ndani yake alikuwemo daktari wa Kijerumani, anakagua wafanyakazi wa reli. Sila akambeba Yudith mgongoni hadi stesheni. Aliyetafsiri ni Elieza, kijana wa Mvumi anayefunga vidonda vya watu wa reli, na haya yote Mwamvua aliyasikia kutoka kwake.

Daktari alifunga mguu. Kisha akainua kope za mtoto, akatazama jicho moja, akatazama la pili, akauliza kama huyu anaona jioni. Sila akasema haoni. Daktari akafungua sanduku lake, akatoa chupa ya kahawia yenye karatasi nyeupe ubavuni. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Filimbi ikalia, akapanda, akaenda zake.

Sila alirudi anaimba wimbo wa kanisani. Wimbo uliishia mlangoni kwake, pale mama yake alipoifungua chupa na kuipeleka puani.

Jua lilikuwa kichwani walipokuja kwa Mwamvua. Bibi Mbeleje mbele na chupa. Sila nyuma yake, Yudith mgongoni mwake, mguu umefungwa kitambaa. Elieza pembeni, amevaa kofia yake ya kazi. Nikodemo wa mwisho, anatafuna kitu.

“Shikamoo, mama,” alisema Mwamvua.

Bibi Mbeleje hakuitika. Aliiweka chupa chini katikati yao.

“Hii inanuka kama ile yako,” alisema.

“Dawa zote zinanuka, mama,” alisema Sila. “Nimekwambia. Hii ni ya daktari, imetoka Ulaya.”

“Ulaya hakuna samaki?” aliuliza Nikodemo.

Wote wakamgeukia Elieza, naye akakohoa. “Mimi nimeambiwa ni mafuta ya macho. Sikuuliza ya mnyama gani.”

“Kuna maandishi,” alisema Sila. “Wewe umesoma. Soma.”

Elieza aliinama, akasoma kwa sauti, silabi baada ya silabi. “Le-ber-tran.”

“Maana yake?”

“Herufi nazijua. Kijerumani sikijui.”

“Na daktari?”

“Daktari yuko njiani kwenda Tabora. Atarudi baada ya wiki tatu.”

Bibi Mbeleje alimwonyesha Mwamvua kwa kidevu. “Hapa kuna mtu mmoja tu anayejua samaki mdomoni. Aonje. Atuambie.”

Mwamvua alipiga magoti. Aliishika chupa, akaiinua juani, akadondosha tone kwenye kidole na kulipeleka ulimini.

Alijua kabla hajafunga mdomo. Hakuwa papa. Mafuta haya yalikuwa mepesi zaidi, ya samaki wa maji mengine, maji ya baridi ambayo hakuyaona maishani. Lakini yalikuwa mafuta ya ini la samaki, hakuna shaka hata ya kusingizia. Mzungu na elimu yake yote, na yeye Mwamvua ambaye hakuingia darasa hata la siku moja, walikuwa wameliona tatizo moja wakatoa dawa moja.

Furaha ilimpanda mpaka kooni. Mnaona? Alitaka kusema hivyo. Mnaona sikuwa mchawi? Neno moja tu, na Elieza angekuwa shahidi, na Sila angemwomba radhi mbele ya watu, na Ijumaa ingepita bila yeye kupanda treni.

Lakini Mwamvua alikwisha kukosea mara moja kwa kutouliza. Safari hii akauliza.

“Nikisema ni samaki, Sila, utafanyaje?”

Sila alimpandisha mtoto juu kidogo. Yudith alikuwa ameegemeza shavu mgongoni kwake.

“Nitaimwaga.”

“Dawa ya daktari?”

“Dada Mwamvua, huyu akipoteza macho, nitamshika mkono maisha yangu yote. Nimeshakubali. Lakini yule mdogo akifa, nitashika nini? Nimezika mara moja mwaka huu. Sema tu ukweli. Nitaimwaga hapa hapa.”

Alisema bila hasira, na ndiyo maana Mwamvua alimwamini.

Basi akaupima ukweli wake. Ukweli ulikuwa na faida nyingi, zote za kwake yeye. Kwa Yudith ulikuwa na giza tu.

“Si samaki,” alisema Mwamvua.

Elieza alishusha pumzi. Sila alifumba macho. Lakini Bibi Mbeleje hakusogea.

“Apa,” alisema.

“Wallahi, si—”

“Kwa Mungu wako siwezi kujua. Hanijui, simjui. Apa kwa mtu.”

“Kwa mtu gani, mama?” aliuliza Mwamvua, na sauti ilimtoka ndogo. “Hapa nina mtu gani?”

Hilo lilikuwa kweli tupu, na kwa muda hata Nikodemo aliacha kutafuna.

Bibi Mbeleje alimtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu aje. Halafu akanyoosha mkono, akamgusa mjukuu wake begani.

“Una huyu,” alisema. “Nimekuona usiku umekaa mlangoni kwako unangoja akohoe, ujue yuko macho. Apa kwa macho yake. Sema, kama hii ni samaki, Yudith asione tena, jioni wala mchana.”

“Mama,” alisema Sila.

“Aseme.”

Jua lilikuwa kali, wala hapakuwa na kivuli cha kujificha. Mwamvua aliangalia macho yale ya kahawia yenye ukavu mweupe pembeni, macho yaliyomwona kuku mweusi juu ya tembe. Akasema.

“Kama hii ni samaki, Yudith asione tena, jioni wala mchana.”

Naam, aliapa. Kila neno lilimtoka kama mtu anayetapika, na lilipotoka la mwisho alitamani kulirudisha, akabaki ameziba mdomo kwa kaniki.

“Kwa nini tusimwulize na mtoto?” alisema Nikodemo. “Ameila ile nyingine kila siku. Yeye hana ulimi?”

Mwamvua aliona kila kitu kinaanguka. Yudith hakujua kusema uongo. Siku chache tu zilizopita swali moja la bibi yake lilitosha kuvunja nyumba.

Bibi Mbeleje alimimina matone mawili kwenye kiganja chake, akampelekea. Yudith aliramba. Akakunja uso. Alitazama chini, akamtazama Mwamvua, akaramba tena pembe ya midomo.

“Haya,” alisema bibi yake. “Ni ile?”

“Si ile,” alisema Yudith.

“Una hakika?”

“Si ile, bibi. Ile ya mwanamke huyu ilikuwa inawasha koo.”

Mafuta ya papa hayajawahi kuwasha koo la mtu. Mwamvua alijua, kwa sababu kila jioni aliyaonja yeye kwanza kabla hayajaingia kwenye mlenda. Mtoto alikuwa amesema uongo mkavu, mzima, wa mtu mzima, na alikuwa amejifunza hapo hapo, kwa kumtazama yeye.

Alishukuru. Na aliumia, maana miezi yote hiyo Yudith alimwita mama, na leo ndipo alipomwita mwanamke huyu. Alijua kwa nini: ili uongo uaminike. Kujua hakukusaidia kitu.

Sila aliiokota chupa, akaifuta vumbi kwa shati. “Asante, dada,” alisema. Kisha akamgeukia Elieza. “Na hii ikiisha?”

“Ikiisha umngoje daktari. Ndiyo iliyokuwa imebaki ndani ya sanduku lake, na mimi kwangu nina dawa ya vidonda tu.”

“Itatosha,” alisema Sila. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapimi. Akaondoka na mwanawe mgongoni. Yudith hakugeuka nyuma. Elieza na Nikodemo wakafuata, wanabishana kuhusu paja la kondoo.

Bibi Mbeleje alibaki.

“Ijumaa huondoki,” alisema.

Mwamvua alidhani amesikia vibaya. “Mmeniambia wenyewe niondoke.”

“Tulikuambia kabla hujaapa. Aliyeapa kwa mtu haondoki mpaka kiapo kijibu.” Bibi Mbeleje aliegemea fimbo yake. Safari hii hakuonekana mkali, alionekana mwanamke mzee aliyechoka na safari. “Mwezi ukiandama, jua likishazama tu, nitamsimamisha mtoto hapa nje, peke yake. Nitamwambia anionyeshe mwezi uko wapi. Akiuonyesha, nitakuja mwenyewe kukuita tule pamoja. Utamkuta kwangu, na utamlea, nami nitawaambia watu wa Hombolo hivyo.”

Hakuna mtu aliyemwita Mwamvua kula tangu Shaaban aondoke.

“Na asipouona?” aliuliza hatimaye.

“Asipouona, basi uliapa uongo kwa macho ya mjukuu wangu. Siku hiyo sitakuja peke yangu.”

Akaenda zake, fimbo ikigonga mawe, hatua zote hamsini.

Mwamvua alikaa chini pale pale mlangoni. Alijua hesabu ya mwezi tangu utotoni, maana mama yake alimfundisha kuihesabu kwa ajili ya mfungo. Leo mwezi ulikuwa wa siku kumi na saba. Mpaka mwezi uandame zilibaki siku kumi na mbili, labda kumi na tatu.

Na chupa ile alikuwa ameiinua juani kabla ya kuonja. Kioo chake ni cha kahawia, lakini jua la Dodoma linapita popote. Ndani mlikuwa na dawa ya siku tano.